Mishono ya urembo kwenye koti la suti: ipi ulipie, ipi uache

Ukienda kushonesha suti siku hizi, fundi akishakupima atakufungulia simu akuonyeshe picha: koti lenye vinukta vya uzi pembezoni mwa kola, tundu la kifungo jekundu, vifungo vya mkononi vinavyofunguka kweli. Kila kimoja kina nyongeza yake juu ya bei ya koti. Nimevipanga kuanzia kile ambacho ningelipia bila kubisha hadi kile ambacho ningekataa hata kwa ofa. Sharti ni moja: bega liwe limekaa kwanza. Koti linalojikunja mgongoni halisaidiwi na uzi wa aina yoyote.

Namba 1: vinukta vya ukingoni, vya mkono

Ni mshono mdogo unaofuata ukingo wa kola na wa mbele ya koti, milimita mbili tatu hivi kutoka mwisho wa kitambaa. Nimeuweka juu kwa sababu una kazi: unakamata kitambaa cha nje na cha ndani pamoja, ukingo ulale bapa, usijigeuze. Kwenye sufu uzi huzama ukaacha kibonyeo kidogo tu, na mtu akisimama hatua mbili kutoka kwako haoni kitu. Kwenye tetroni inayong'aa uzi haupati pa kuzama. Vinukta vinakaa juu juu kama vipele. Kama kitambaa chako ni hicho, okoa hela yako.

Mashine ya kuiga mshono huu ipo tangu zamani. Ilitengenezwa na kampuni ya Marekani, American Machine and Foundry, ndiyo maana viwandani mshono wenyewe huitwa AMF. Hauna ubaya, ila usiulipie bei ya mkono. Geuza kola kwenye mwanga unaotoka ubavuni: vya mkono vinapishana kidogo, kimoja kimezama zaidi, kingine kimesogea unywele. Vya mashine vina nafasi ileile na kina kilekile kutoka juu hadi chini.

Namba 2: tundu la kola

Lile la kushoto, panapochomekwa ua siku ya harusi. Ndilo tundu ambalo macho ya watu hukutana nalo kwanza, kwa hiyo hapa usibane. Tundu linaloshonwa kwa mkono hukatwa kwanza, kisha kingo zake zikafungwa kwa uzi, fundo baada ya fundo, juu ya uzi mnene uliolazwa chini yake. La mashine mara nyingi hushonwa kwanza ndipo likatwe, na hapo ndipo yanapotokea yale manyoya yanayochungulia katikati.

Ipo na namna ya Milano: hariri inazungushwa kwenye uzi mnene mpaka mdomo wa tundu unavimba na kung'aa. Ni kazi nzuri mno na wanaoiweza ni wachache, hivyo mwombe fundi akushonee moja kwenye kipande cha kitambaa kabla hujatoa advansi. Hana hariri? Uzi wa polista uliopakwa nta ukapigwa pasi unafaa, mradi mkono wake uwe mtulivu. Na mkumbushe kitanzi cha uzi nyuma ya kola cha kushikia kikonyo, la sivyo bwana harusi atashinda na pini kifuani.

Namba 3: vishikizo vya pembe za mifuko

Nusu mwezi au pembetatu ndogo ya uzi kwenye ncha za mdomo wa mfuko. Mfuko huanza kuchanika hapo, hasa kwa sisi tunaotumbukiza simu. Haimchukui fundi muda mrefu, mwombe akufanyie bure.

Namba 4: vifungo vya mkononi vinavyofunguka

Najua wengi wangeviweka kileleni. Tatizo ni kwamba matundu yakishakatwa, urefu wa mkono haurekebishiki tena kwa chini. Inabidi mkono ufumuliwe begani, kazi ambayo mafundi wengi huikwepa. Kwa hiyo yakatwe mwisho kabisa, ukiwa umelijaribu koti juu ya shati utakalolivaa nalo. Kwa kijana anayekua, au koti ambalo mdogo wako atalirithi, acha kabisa.

Namba 5: mshono mpana wa juu

Huu hupita kama milimita sita kutoka ukingoni, nao hutaka kuonekana. Kwenye suti ya ofisini unaharibu. Kwenye kitani au kaki unapendeza. Ila kama unashonesha Kaunda suti, ile iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia na kupigwa marufuku bungeni Kenya mwaka 2023, mshono huu unapanda hadi namba moja, kwa sababu mifuko ya kubandika huonyesha uzi upende usipende. Mkague fundi kwenye kona ya mfuko. Mshono ugeuke bila kuruka, umbali kutoka ukingoni ubaki uleule.

Mkiani: vitundu vya rangi

Uzi mwekundu kwenye tundu moja la kifungo cha mkononi. Ni rahisi kuufanya, na unaanika kila kasoro ya fundi. Anayetaka uzi uzungumze avae joho, ambalo darizi yake ya dhahabu ndiyo fahari yenyewe. Kwenye koti, ukishindwa kujizuia, tarizi jina lako ndani kwenye bitana.

Mfuko ukiwa mwepesi, nenda mitumbani, Karume au Gikomba, utafute koti kuukuu la sufu. Vinukta vya mkono hupatikana humo kwa bei ya chakula cha mchana, na kiuno fundi atakipunguza. Kabla ya kulipa, pitisha kiganja kifuani. Ukihisi mapovu, gundi ya ndani imeachia na hakuna pasi itakayoirudisha. Rudisha koti kwenye rundo hata kama kola yake imeshonwa kwa mkono.