Lenzi ya kubana kwenye simu: vunjajungu alinivumilia, klipu ikanisaliti

Sikununua lenzi hii kupiga maua. Ua halina haraka. Nilimtaka vunjajungu, na asubuhi moja hivi, mvua imekatika, nikamkuta juu ya bua la nyasi, kijani ndani ya kijani, anayumbayumba kama jani linalopepewa, ilhali upepo wenyewe haukuwepo.

Lenzi kama hii, ya kukuza vitu vidogo, inakutaka usogee hadi sentimita mbili tatu. Kwa vunjajungu huo ni utovu wa adabu. Ana macho matano, mawili makubwa na matatu madogo kati ya vipapasio, na anaweza kukupa mgongo huku anakutazama. Kidoa cheusi jichoni kinakufuata kila unakohamia. Najua si mboni; jicho kubwa limeundwa na vijicho vingi, na vile vilivyonielekea mimi ndivyo vinavyomeza mwanga, lakini nywele zilinisimama. Nikatambaa kwa tumbo, labda nusu saa, pumzi nimeibana. Akanizoea.

Nzi akatua.

Na klipu ikateleza. Afadhali ingeanguka! Ilisogea kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, lenzi ikawa haitazamani tena na kamera. Miguu ya vunjajungu hufyatuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo hurekebishi kitu. Nilipata duara jeusi na ukungu wa kijani. Kuinua kichwa, nzi kabaki nusu, jamaa anatafuna taratibu kama hana kosa. Na kweli hana.

Vile viraba vya klipu vinashika pakiwa pakavu tu. Jasho la kidole, tone la umande, kwisha habari. Sasa wadudu wa asubuhi utawapigaje bila umande? Aliyeitengeneza hajawahi kulala kwenye nyasi hata siku moja. Nyota moja, na hiyo ni kwa kifuko chake.

Jioni nikaanza kufuta picha kwa hasira, moja baada ya moja, mpaka nikafikia ile ya kabla ya nzi. Miiba ya mguu wa mbele inahesabika! Kingo zimefifia, sawa, ila jicho la kushoto unaliona hadi punje zake. Kioo ni kizuri, lazima niseme. Basi nyota tatu. Hapana, mbili, nikikumbuka yule nzi bado damu inanichemka. Klipu nimeing'oa, lenzi naifunga kwa selotepu.