Nimeng'oa platini kwenye Land Rover 109: uzoefu wangu wa miezi saba

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa aondoke: moduli ya kielektroniki ya kuwashia, inayokaa badala ya platini, imenifaa. Nimenunua mbili. Ya kwanza iliungua siku ya nne, na kosa halikuwa lake.

Gari ni Land Rover 109 pikapu, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne. Series III zilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985. Kadi ya hili langu inasema 1978. Nililikuta limelala kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sasa liko uani kwangu Mikanjuni, Tanga, chini ya mkanju. Ndugu zangu wa bara, mkanju ndio mkorosho, na msimu wake kanju zikianza kudondoka juu ya boneti usiku huhitaji saa ya kukuamsha.

Bodi haina neno. Ni aluminiamu, maana Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 chuma kule Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita, na chumvi ya bahari ya hapa Tanga haiiwezi kama inavyokiweza chuma. Chesisi ndiyo iliyonila pesa, nimechomelea vipande sita. Siku nyingine nitaeleza, leo nataka kuzungumzia platini.

Kwa vijana waliozaliwa na magari ya kompyuta: platini ni vidomo viwili ndani ya distributa, chombo kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Vikifunga, umeme unapita kwenye koili, ile inayoukuza umeme wa betri uwe wa cheche. Vikifunguka, koili inatoa cheche. Vinafunguliwa na kemu ya pembe nne, na kijiguu cha platini kinaisugua kemu hiyo muda wote. Kijiguu kikilika, upenyo unapungua na taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, inachelewa. Upenyo wenyewe ni kati ya milimita 0.35 na 0.40, basi fikiria uvivu wa kuinama juu ya madigadi kila mara kuupima.

Zangu zilikuwa hazifiki hata kulika. Kila baada ya wiki tatu zinaungua: domo moja limetoboka kishimo, la pili limeota kichuguu. Napiga msasa, nabadilisha kondensa (kijikopo kinachozikinga platini zisiungue), wiki tatu tena gari linakohoa. Nikasema basi, zama zimebadilika, naagiza moduli.

Niliagiza duka moja la Dar, shilingi 160,000, na 5,000 ya basi. Kikaja kifuko cha nailoni: kidude cheusi kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, kikuku cheusi chenye sumaku nne ndani yake, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza yenye maandishi ya kuwatesa wenye macho arobaini na kitu. Karatasi niliiweka kando. Kumbukeni hilo.

Kufunga si kazi. Fungua kifuniko cha distributa, toa rota, ng'oa platini na kondensa, kidude kinakaa pale pale platini ilipokuwa kwa skrubu ile ile. Kikuku kinavaa juu ya kemu, rota inarudi juu yake. Waya mwekundu upande wa jumlisha wa koili, mweusi upande wa kutoa. Shetani ni ile skrubu ndogo. Yangu iliponyoka ikatumbukia ndani ya distributa. Nilichukua sumaku ya redio mbovu nikaigandisha kwenye bisibisi nyembamba, nikaivua taratibu kama mtu anayevua changu kwa mshipi, mama watoto amenimulikia tochi na kuniuliza kama chakula kiwekwe au nitakula distributa.

Nikapiga starta. Likashika papo hapo. Silensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ikatulia, nikaweka kikombe cha kahawa juu ya madigadi na hakikumwagika. Nilijisifu mtaa mzima.

Siku ya nne nikaenda Muheza kubeba machungwa, magunia tisa. Wakati wa kurudi, karibu na Pongwe, gari likazima ghafla kama kibatari kilichopulizwa. Hakuna kukohoa, hakuna dalili. Nilifungua boneti nikagusa koili, mkono ukarudi wenyewe. Baada ya nusu saa likawaka, halijamaliza kilomita likazima moja kwa moja. Bahati platini za zamani nilikuwa nimezitupia kwenye kopo chini ya kiti. Nikazirudisha pale pale barabarani, upenyo nikaupima kwa kipande cha boksi la kiberiti, nikafika nyumbani Magharibi ishaadhiniwa. Ile moduli ilikuwa ya Tanga kweli: waja leo, waondoka leo.

Nikampigia muuzaji. "Bosi, hiyo umeichoma mwenyewe." Nikamuuliza nimeichomaje, akasema yuko na wateja. Tangu hapo hapokei. Duka silitaji, ila kwa huduma nampa sifuri, hata kama baadaye niligundua neno lake lilikuwa na ukweli ndani. Angeniuliza swali moja tu kabla ya kupokea hela, asingeniingiza hasara.

Swali lenyewe aliniuliza Mzee, jirani yangu, ambaye ujana wake wote aliendesha na kutengeneza Land Rover za mkonge. Alikaa kwenye kigogo, akaniacha nilalamike weee mpaka nikamaliza.

"Hiyo koili ulinunua weye?"

"Hapana Mzee, nimelikuta nayo gari."

"Basi mwanangu, mgonjwa huyo hapo. Weye watibu jirani yake."

Nikaleta mita, nikachomoa nyaya za koili, nikapima kutoka jumlisha hadi kutoa. Omu 1.6. Ndipo nilipoitafuta ile karatasi. Mstari wa mwisho kabisa: isifungwe na koili iliyo chini ya omu 3. Kumbe koili yangu ni ya zile zinazotakiwa zitanguliwe na rezista, kizuizi cha kupunguza umeme, kwenye waya wake. Fundi fulani wa zamani aliing'oa kwenye gari jingine akaleta koili, rezista akaiacha huko. Piga hesabu: volti 12 kwa omu 3 ni ampea 4, kwa omu 1.6 ni ampea 7.5. Kumbe ndicho kilichokuwa kinachoma platini zangu miaka yote hiyo, nami nawalaumu wenye platini.

Koili mpya ya omu 3 niliipata hapa mjini kwa shilingi 38,000. Na hapa lazima niwe mkweli: nilikaa na platini na koili hiyo miezi miwili, na platini zilibaki safi. Kama tatizo lako ni platini kuungua tu, pima koili kwanza, huenda huhitaji kununua moduli kabisa.

Moduli ya pili, 145,000 kutoka duka jingine, niliinunua kwa sababu nyingine. Bushi ya distributa imelika, shafti inacheza, kwa hiyo upenyo wa platini haukai pamoja: pembe hii ya kemu inafungua zaidi, ile kidogo. Kwenye mwendo mdogo hujui, lakini injini ikizunguka sana inaruka cheche. Sumaku haigusi kitu, kwa hiyo uchezaji mdogo inauvumilia. Ukiwa mkubwa mpaka kikuku kinakwaruza, hapo tengeneza bushi, hakuna njia ya mkato.

Miezi saba sasa. Nimepanda nalo Amani kwa kona zote zile na mzigo wa mbolea nyuma, halikuruka cheche hata mara moja. Asubuhi linashika kwa starta ya kwanza au ya pili. Fila geji, kile kipimo cha upenyo, sijaigusa.

Ya kulalamikia yapo. Betri ikichoka, moduli inakataa kabla ya starta kuchoka kabisa. Platini ungesukuma gari ukaondoka. Ukiacha swichi imefunguliwa na injini imezimwa, mfano umekaa unasikiliza mpira kwenye redio, unaipika moduli na koili pamoja. Waya wa athi kati ya injini na chesisi lazima uwe mzima. Wangu ulikuwa umekatika nusu, nikafunga mpya kabla ya kujaribu tena. Na ikifa, imekufa, hakuna cha msasa. Maji nayo ni yale yale: ukipita dimbwi la masika feni inayarusha kwenye distributa, na kifuniko kikiingia maji gari litazima uwe na platini au moduli ya dhahabu.

Muuzaji wa kwanza aliniambia itaokoa robo ya petroli. Uongo. Kituo cha mafuta kinanifahamu vile vile.

Nyota nne kwa moduli yenyewe. Platini na kondensa ziko ndani ya kopo chini ya kiti, pamoja na bisibisi fupi na boksi la kiberiti. Mzee hupita asubuhi akitoka msikitini, akinisikia nawasha husimama getini.

"Bado hai?"

"Bado hai, Mzee."

"Na kopo?"

"Lipo chini ya kiti."

Hapo ndipo anapoenda zake.