Mercedes E 240 ya 2004 kwenye barabara za Tabora: vifaa vya chini nilivyonunua mara mbili

Gari langu ni Mercedes E 240 ya mwaka 2004, bodi ya W211, toleo la Avantgarde, lililoingia nchini kutoka Japani. Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa analitunza, nikalileta Tabora kwa kazi moja, kubeba maharusi. Jumamosi linapambwa maua, Jumapili linaoshwa, siku zinazobaki mimi na mke wangu tunalitumia kwa mizunguko ya mjini. Kilomita linazotembea si nyingi. Kinacholichosha ni njia. Unatoka kanisani kwenye lami safi, halafu ukumbi uko ndani huko Ipuli au Kiloleni, unakata kushoto na kuingia kwenye mchanga wenye mizizi ya miembe inayopita katikati ya njia.

Lilianza kugonga mbele mwaka 2022. Mwanzoni ilikuwa kwenye rasta tu, baadaye kwenye kila kishimo. Siku moja tunatoka kanisani, bibi harusi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hili gari halitatuacha njiani?" Nikamwambia, "Usiwe na hofu dada, ni bushi tu, vile vimpira vya chini." Akanyamaza, lakini kwenye kioo nilimwona ameshika kishikio cha mlango mpaka tumefika. Nilijisikia vibaya sana. Mtu amelipa ili siku yake iwe ya raha, na mimi nimemkalisha juu ya kelele.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: shokapu. Hapa kwetu gari likigonga, kosa ni la shokapu, likiyumba ni shokapu, likilala upande mmoja ni shokapu. Nami niliamini hivyo. Nilimpigia muuzaji wa spea Dar, akasema ana seti nzima ya mbele: mikono ya chini na ya juu (vyuma vinavyoshikilia tairi kwenye gari), linki za stabilaiza (vijiti vya chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) na tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza tairi), vyote kwenye boksi moja, shilingi 780,000, na kwamba nikifunga hiyo nitakuwa nimemaliza, shokapu zitafuata nikipata fedha. Boksi halikuwa na jina la kampuni ninayoijua, lilikuwa limeandikwa tu kwamba ni teknolojia ya Ujerumani. Nikanunua. Fundi akafunga kwa 120,000. Wiki ya kwanza gari lilitulia kama jipya.

Mwezi wa nne baada ya kufunga, kelele zilirudi, na safari hii usukani nao ukawa unatembea wenyewe ukifunga breki.

Tuliingiza gari kwenye shimo na tochi. Nataka nieleze tulichokiona, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya yote niliyoambiwa madukani. Boljointi za mikono ya chini, vile viungo vya chuma vya mviringo kwenye ncha ya mkono upande wa tairi, zilikuwa zimelegea: ukishika tairi juu na chini na kulitikisa, unausikia mchezo kwenye kiganja kabisa. Vifuniko vyake vya mpira vilikuwa vimepasuka na grisi imechanganyika na vumbi jekundu ikawa kama udongo wa kufinyangia. Hilo ni ubovu wa mali, halina mjadala. Lakini bushi zilikuwa na jambo jingine. Mpira wake haukuwa umelika upande mmoja kama mpira uliochoka. Ulikuwa umechanika kwa kuzunguka, kama kitambaa kilichokamuliwa kwa nguvu. Nilipoona hivyo nikajua si kazi ya barabara peke yake. Zilifungwa vibaya.

Bushi ya aina hii ni mpira ulioshikana na bomba la chuma nje na bomba jingine ndani. Ukikaza nati, bomba la ndani linabanwa na halizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, ni mpira ndio unaojipinda kidogo na kurudi. Sasa gari likiwa juu ya jeki, tairi linaning'inia, mkono umeelekea chini. Ukikaza hapo, umeuambia mpira kwamba huko chini ndiko nyumbani. Ukishusha gari, uzito unausukuma mkono juu, na mpira unakaa umejipinda mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukikutana na shimo unajipinda mara mbili. Hauwezi kudumu, hata uwe umetengenezwa na nani.

Kwa hiyo siwezi kumtupia muuzaji mzigo wote. Boljointi ni zake. Bushi tunagawana.

Baada ya hapo nilikaa miezi miwili nikiuliza na kusoma kabla ya kutoa shilingi nyingine. Kitu cha kwanza kilichonisaidia ni namba. Namba za spea za Mercedes zina mpangilio: tarakimu tatu za mwanzo ni za bodi, kwangu 211, na zinazofuata zinaonyesha sehemu. Ikianza 211 32 uko kwenye springi na shokapu, 211 33 ni ekseli ya mbele, 211 35 ni ekseli ya nyuma. Namba ya chesisi nayo inasema mengi. Yangu inaanza WDB211061, hiyo ni E 240, halafu inafuata 2, maana yake usukani wa kulia. Toka nimeanza kumtumia muuzaji namba ya chesisi kabla ya kuuliza bei, maneno ya "hii inaingia tu bosi" yamepungua sana.

Cha pili ni kuwajua wanaotengeneza. Kwa mikono na boljointi nilichagua Lemförder, ambayo iko chini ya ZF ya Ujerumani, nyumba moja na Sachs na TRW. Lemförder ni miongoni mwa wanaowatengenezea Mercedes wenyewe, na baadhi ya vifaa vinavyouzwa kwenye boksi lao ni vilevile vya kiwandani ambavyo nembo ya nyota imesagwa. Mikono niliyoipokea nilikuta hilo kovu: alama ing'aayo ya kusagwa kwenye chuma, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilipitisha kidole hapo mara kadhaa. Linki za stabilaiza nilichukua Meyle HD, ambazo zimeimarishwa kuliko za kawaida na kampuni inazipa dhamana ya miaka minne.

Kwenye shokapu kuna mtego wa jina, naomba msomaji aushike. Kuna Bilstein ya shokapu, na kuna febi bilstein, ambayo ni kampuni nyingine kabisa inayouza spea za aina nyingi. Zote mbili zina asili ya mji mmoja wa Ujerumani, Ennepetal, ndiyo maana majina yanafanana. Muuzaji mmoja alinionyesha boksi la febi akaniambia, "Bilstein yenyewe ndiyo hii." Febi si mbaya, lakini sicho nilichoagiza. Na ndani ya Bilstein kwenyewe kuna ngazi: B4 inachukua nafasi ya shokapu ya kiwandani na ulaini wake, B6 ina urefu uleule lakini ni ngumu zaidi, B8 ni fupi, kwa magari yaliyoteremshwa kwa springi fupi. Rafiki zangu wengi walisukuma B6. Nikachukua B4, kwa sababu gari langu linabeba watu waliovaa nguo nyeupe na wanaotaka kukaa kwa utulivu, si la mashindano.

Spea za mtumba je? Kwa chuma kitupu, kama springi isiyo na kutu na inayolingana na toleo lako, sina neno. Kwa kitu chenye mpira, sitaki. Mkono uliotolewa kwenye gari la 2005 una mpira wa 2005, hata kama gari hilo lilitembea kidogo huko Japani. Mpira unazeeka ukiwa umekaa.

Bei nilizolipa mwaka 2023, zikiwa zimefika Tabora kwa basi: mikono ya chini inayobeba shokapu 340,000 kila mmoja, mikono ya mshazari yenye bushi kubwa 310,000 kila mmoja, linki 95,000 kila moja, shokapu B4 za mbele 430,000 kila moja. Jumla 2,350,000. Mikono ya juu tuliipima, tukaikuta bado imara, tukaiacha. Ongeza na 900,000 iliyopotea kwenye seti ya kwanza pamoja na ufundi wake.

Sikuwa na fedha yote kwa mara moja, kwa hiyo mikono na linki zilifungwa Agosti, shokapu zikasubiri hadi Novemba. Kuchelewa huko ndiko kulikonipa jibu ambalo nisingelipata kwa njia nyingine. Siku tuliyofunga mikono na linki, shokapu zikiwa zilezile za zamani, kugonga kuliisha. Kabisa. Shokapu mpya zilipokuja ziliondoa kule kunesanesa baada ya tuta, ni kweli, lakini kelele na usukani kutembea vilikuwa vya mpira na boljointi tangu mwanzo. Ndiyo maana nikiulizwa leo fedha ya kwanza iende wapi, sisiti: iende kwenye bushi na boljointi za kampuni inayojulikana. Shokapu inaweza kungoja, ilimradi haivuji na haijafa.

Siku ya kufunga nilifika gereji asubuhi. Ni gereji ya chini ya mwembe upande wa Ng'ambo, na fundi ni mzee aliyeanza na Landrova na malori, mikono yake inajua chuma kuliko macho yangu. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mzee." Akaitikia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamwomba: "Mzee, leo nati za bushi naomba tuziingize tu kwa mkono. Tusizikaze gari likiwa juu."

"Kwa nini tena, mwanangu?"

Sikutaka aone namfundisha kazi mbele ya vijana wake. Nikachukua mkono wa zamani, tukaubana kwenye jiriwa bomba la ndani, nikamwomba ausukume mwenyewe. Aliusukuma, akaona mpira unavyovutika na mahali ulipochanika. Akautazama muda mrefu, akaugeuza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Kumbe tunaunyonga." Akamwita kijana wake mkubwa: "Njoo uone hii."

Tukafunga kila kitu kwa mkono, tairi zikarudishwa, gari likashushwa juu ya shimo likasimama kwa miguu yake minne. Tukalisukuma mbele na nyuma, vijana wawili wakalinesesha kwenye boneti, kisha mzee akaingia shimoni na kukaza nati zote kutoka chini huku uzito wote wa gari uko kwenye tairi. Shimo lile lilikuwapo miaka yote. Ni bora kuliko mashine ya kuinulia kwa kazi hii, maana tairi hazibanduki ardhini.

Jambo jingine dogo lililonifaa: Avantgarde ilitoka kiwandani ikiwa chini kwa milimita 15 kuliko matoleo mengine, na hapa kila milimita inahesabika. Mercedes huweka kati ya springi na bodi mpira wenye vinundu, na idadi ya vinundu inaonyesha unene. Tuliweka mipira minene kidogo badala ya kukata au kupachika vyuma vya kuinulia kama wengine wanavyofanya. Bampa sasa halisagi kwenye tuta la jirani na nyumbani.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi, nilifanya Mwanza wiki hiyohiyo, nilikuwa na safari. Usiache hatua hii, tairi zitaliwa upande wa ndani na utazilaumu spea.

Neno kwa wenye gari la hewa, yaani linalobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi. Jirani yangu wa Isevya ana E 500, ambayo ilitoka na Airmatic, na aliwahi kutaka kuagiza shokapu kama zangu. Haziingiliani. Angalia kwanza kwenye dashibodi kama una kitufe cha kupandisha gari, na uchungulie nyuma kama unaona mfuko wa mpira mahali pa springi, ndipo uagize.

Leo ni miezi 14 na kilomita kama 11,000, zikiwemo safari za Urambo na Sikonge. Nimekagua mwezi uliopita: vifuniko vya boljointi vizima, bushi hazina ufa, linki kimya. Lawama yangu iko kwenye B4 kidogo, maana nikibeba watu wanne na mizigo, pua bado inazama kwenye breki kuliko ninavyopenda. Kwa B6 kuzama huko kungepungua, lakini kwenye changarawe ningesikia kila jiwe. Nimeikubali.

Nyuma sasa ndiko kumeanza kusema, mlio mdogo upande wa kulia nikitoka kwenye tuta nikiwa na mzigo. Nimeshaagiza mikono miwili na bushi, safari hii kwa namba ya chesisi na picha ya kifaa chenyewe kabla ya kulipa. Mzigo uko kwenye basi, unafika Alhamisi, na mzee amesema nilete gari mapema kabla jua halijaingia shimoni.