Tahadhari: vifurushi hewa vya safari ya kifahari Guyana

Ukiletewa ofa ya safari ya kifahari ya Guyana, ile nchi iliyobanwa kati ya Venezuela, Brazil na Suriname, usitume hata senti kabla hujasoma hapa. Wapo wanaojiita mawakala ambao ofisi yao ni Instagram na WhatsApp tu. Wanakupangia ratiba ya peke yako, picha za kuvutia, bei ya dola elfu kadhaa kwa kichwa, kisha wanadai zaidi ya nusu ndani ya siku mbili eti ndege isichukuliwe na wengine. Ukishatuma, hakuna ndege wala loji iliyowekwa kwa jina lako. Guyana inawafaa kwa sababu waliofika huko ni wachache, hivyo mteja hana jirani wa kumuuliza.

Bahati nzuri ratiba zao zenyewe zinawaumbua.

Anza na Kaieteur, kwa kuwa karibu kila ratiba ya Guyana inaitaja. Maporomoko haya yako kwenye mto Potaro, maji yanaanguka mita 226 kwa mkupuo mmoja. Kwa gari huwezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Njia ya nchi kavu ni ya siku kadhaa, gari, boti na miguu. Watalii huruka kwa ndege ndogo kutoka Ogle, kiwanja kilicho pembeni mwa jiji la Georgetown, takribani saa moja, wakatua karibu na maporomoko na kumalizia kwa miguu. Sasa ukikuta "Siku ya 3: kutazama machweo Kaieteur, kisha chakula cha jioni Georgetown", aliyeandika hiyo hajawahi kupanga safari ya huko. Viwanja vingi vya ndani ya nchi havina taa na ndege hizo huruka mchana. "Vila yenye bwawa juu ya maporomoko" nayo haipo. Anayelala pale hulala kwenye nyumba ya wageni ya kawaida kabisa.

Pesa nyingi zaidi huliwa kwenye ndege ya kukodi. Ndege hiyo hulipiwa nzima, hata mkiwa wawili. Cessna Caravan hubeba abiria kumi na zaidi kidogo, Islander pungufu ya hapo. Wapo wanaokutoza bei ya ndege nzima halafu wanakununulia viti viwili kwenye ndege ya watalii wa siku. Ubaya wake hauishii kwenye pesa. Ndege za pamoja zina idadi ya chini ya abiria. Isipotimia, safari inaahirishwa au inafutwa, na kama kesho yake mlipaswa kuwa Rupununi, savana ya kusini mwa Guyana, ratiba yote inavunjika. Muda wa kukaa Kaieteur nao, kama saa mbili hivi, hamuupangi ninyi. Kwa hiyo dai jina la kampuni yenye ndege, aina ya ndege, na mkataba wa kukodi unaotaja saa za kuondoka, muda wa rubani kusubiri, na nani anabeba gharama hali ya hewa ikizuia kuruka. Wakikutumia namba ya usajili, ya ndege ya Guyana huanza na 8R. Kisha ipigie kampuni hiyo mwenyewe kwa namba uliyoitafuta, si ile uliyotumiwa na muuzaji. Angalia na mizigo: ndege hizi kwa kawaida huruhusu takribani kilo 9 kwa abiria. Ofa inayokuruhusu masanduku mawili ya kilo 23 mpaka savana ya Rupununi imeandikwa na mtu asiyejua anachouza.

Loji nazo ni hivyo hivyo. Iwokrama, Surama, Rewa na Karanambu ni mahali pa heshima sana, lakini usitegemee marumaru. Ni vibanda safi, vyandarua, umeme wa kubana matumizi, mara nyingi maji ya kuoga yasiyopashwa moto. Unacholipia ni kiongozi anayejua fisimaji wakubwa wanakojificha, boti yenu peke yenu, na kutobanwa na ratiba ya kundi. Picha ya kitanda cha kioo na bwawa la bluu itafute kwa programu ya kutafuta picha, uone imetoka nchi gani. Halafu iandikie loji moja kwa moja: taja majina yenu na tarehe, uliza kama nafasi imewekwa na imelipiwa. Vyumba vyao ni vichache, hawakosi kujua. Surama na Rewa ni vijiji vya wenyeji wa asili, na Sheria ya mwaka 2006 inayowahusu inamtaka mgeni apate ruhusa ya baraza la kijiji, linaloongozwa na toshao, yaani mkuu wa kijiji. Muulize muuzaji nani anaishughulikia ruhusa hiyo. Wengi hunyamaza hapo.

Kuwa dalali si kosa. Kosa ni kuficha kampuni itakayowapokea kule. Mamlaka ya Utalii ya Guyana hutoa leseni kwa waendesha safari, loji na waongoza watalii. Omba jina lililo kwenye leseni, uliza Mamlaka, na uhakikishe ndilo jina la akaunti ya benki. Akaunti ya mtu binafsi kwenye nchi ya tatu, achana nayo. Vivyo hivyo barua pepe ya ghafla inayosema akaunti imebadilika.

Majira pia yanawafichua. Mei hadi Agosti mvua hufurika Rupununi na barabara ya kwenda Lethem, mji wa huko mpakani na Brazil, huwa matope. Kasa wa Shell Beach, ufuko wa kaskazini-magharibi, hutaga kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka. Anayekuahidi kasa Novemba anakudanganya.

Tikiti ya kimataifa: msimbo wa herufi sita wa kushikiwa nafasi si tikiti. Tikiti iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13. Ihakiki kwa shirika lenyewe. Soma msimbo wa kiwanja pia: Georgetown ni GEO, wakati CAY ni Cayenne, Guiana ya Ufaransa, eneo la Ufaransa na si Guyana kabisa. Ukipitishwa Miami au New York kwa pasipoti ya Afrika Mashariki, utahitaji viza ya Marekani hata kwa kubadilisha ndege tu. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na atokaye Kenya, Uganda au Kongo asisafiri bila hicho.

Lipa kwa kadi, kianzio cha kiasi. Ndege ya kukodi inaweza kudaiwa yote mapema. Kama tayari umeshatuma, pigia benki leo leo uombe muamala urudishwe. Kwa kadi, fungua pingamizi mapema kwani muda wake una ukomo. Hifadhi mazungumzo, ankara na namba ya akaunti kabla hujamwambia muuzaji kuwa umemshtukia, la sivyo atavifuta vyote. Na atakayekutafuta baadaye akidai anaweza kuzirudisha pesa zako kwa ada kidogo, usimlipe: mara nyingi ni walewale, au wamenunua namba yako kutoka kwao.