TAHADHARI: Anayeuza kodi (namba ya siri ya kupakulia gemu) ya GoldenEye ya Xbox na Switch ni tapeli

Ndugu zangu wapenzi wa gemu za zamani, kaeni macho. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu na tangazo la GoldenEye 007, gemu ya kupiga risasi ya James Bond, "ya kudumu" kwa mashine za gemu za Xbox na Nintendo Switch. Anasema unalipa mara moja, anakutumia kodi, gemu inakuwa yako milele. Rafiki yangu ameshalizwa. Alichotumiwa ni barua pepe na nenosiri la akaunti ya mtu asiyemjua. Ndiyo kwanza amemaliza hatua ya bwawa, nenosiri likabadilishwa, na muuzaji akaingia mitini na pesa. Imeniuma sana, maana alikuwa ameisubiri gemu hiyo tangu utotoni.

Kodi anayoitangaza haipo. GoldenEye ilitoka kwenye Nintendo 64, mashine ya zamani ya Nintendo, mwaka 1997, na iliporudi rasmi tarehe 27 Januari 2023 haikuuzwa peke yake. Kwenye Xbox iliingia Game Pass, huduma ya kulipia usajili ili ucheze gemu nyingi, na walioinunua kidijitali Rare Replay, mkusanyiko wa gemu za zamani za kampuni ya Rare, wakapewa bure. Mwenye Rare Replay ya diski hakupewa, kwa hiyo usikubali kuuziwa diski hiyo kwa ahadi kwamba GoldenEye imo. Kwenye Switch iliwekwa ndani ya usajili wa kulipia wa Nintendo Switch Online + Expansion Pack, na usajili huo ukiisha huwezi kuicheza. Katriji (kadi ya gemu ya kuchomeka) ya GoldenEye ya Switch nayo haikutengenezwa. Ukionyeshwa yenye lebo nzuri, jua mtu kachapisha lebo.

Tazameni pia picha za tangazo lake, maana hapo ndipo uongo unapoonekana wazi. Nyuso za askari ni laini, kuta zina michoro mipya. Hiyo siyo gemu ya 2023. Ni toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Xbox 360, Xbox ya zamani, miaka ya 2000, likazuiwa kabla ya kutoka, kisha likavuja mtandaoni mwaka 2021. Toleo rasmi limebaki na sura zilezile za pembepembe, ila picha ni kali zaidi. Halafu anaahidi kwamba kwenye Xbox mtacheza na marafiki mtandaoni. Hapana. Kwenye Xbox ni skrini kugawanywa, wachezaji hadi wanne mkiwa chumba kimoja. Toleo lililotoka na uchezaji wa mtandaoni ni la Switch.

Kuhusu akaunti za kununua, hata kama muuzaji ni mwaminifu kuliko huyu, sikushauri. Mwenye akaunti wa kwanza anaweza kuirudisha mikononi mwake wakati wowote, na masharti ya Microsoft (wenye Xbox) na Nintendo hayaruhusu kuuziana akaunti, kwa hiyo ukienda kulalamika huna pa kusimamia.

Ukimkuta, mwombe akuonyeshe ukurasa wa gemu hiyo peke yake kwenye duka rasmi, wenye bei yake. Hataweza. Na kama umeshamlipa, usiweke kadi yako ya benki kwenye akaunti aliyokupa. Kama uliiweka, iondoe leo na uwaarifu benki. Hifadhi mazungumzo yote kabla hajakubloku, kisha mripoti kwenye huduma uliyotumia kulipa, na uwaambie wasimamizi wa grupu wamwondoe.