Valletta: mwongozaji nyota mbili, kanisa nyota tano

Nilikuwa Malta siku nne, na siku ya kwanza nikalipia ziara ya miguu ya saa tatu katika mji mkuu, Valletta, kufuata nyayo za wale askari watawa wa Mtakatifu Yohana. Kampuni siitaji. Mwongozaji alichelewa dakika 40, na alipofika kila kona ikawa ni 1565: Waturuki walivyokizingira kisiwa wakashindwa, na Jean de Valette, mkuu wa watawa hao, alivyoanza kujenga mji huu mwaka uliofuata. Sawa, lakini mapanga tu? Nikamuuliza habari za watumwa waliopiga makasia kwenye merikebu za watawa hao, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini. Akasema tutafika huko. Hatukufika. Mtu wa Mombasa ukimtajia ngome, atauliza tu nani alifungwa ndani.

Kesho yake nikaenda peke yangu kwenye kanisa lao la Mtakatifu Yohana, na hapo kiingilio hakikuniuma. Kwa nje utadhani ghala. Ndani ni dhahabu tupu, ila wewe angalia chini: sakafu yote ni makaburi yao, karibu 400, marumaru za rangi zilizokatwa zikapangwa kuwa ngao, mafuvu, mifupa mizima iliyosimama. Nilitembea kwa kunyata kama anayepita sebuleni watu wamelala. Kina dada, viatu vya mchuchumio havipiti mlangoni, vinatoboa marumaru. Wa mbele yangu alikuwa na kandambili mkobani, kumbe ameshaambiwa.

Chumba cha pembeni kina picha ya mchoraji Mwitaliano Caravaggio ya 1608, Yohana Mbatizaji akichinjwa. Imeziba ukuta mzima. Sogea uitazame ile damu sakafuni: mchoraji ameliandika jina lake kwa damu hiyo, na ndiyo picha pekee aliyoitia sahihi. Mwaka huo huo watawa walimpokea kundini, na kabla haujaisha wakamfukuza bila yeye kuwapo, humo humo chumbani, mbele ya picha yake.

Mimi lakini kilichonishika ni hospitali yao, Sacra Infermeria, ambayo siku hizi ni ukumbi wa mikutano. Wodi moja ina urefu wa mita 155! Wagonjwa walilishwa kwenye vyombo vya fedha, na watawa hao, watu wa koo kubwa za Ulaya, walipangiwa zamu ya kuwahudumia. Ule msalaba wao wa ncha nane nimekua nikiuona kwenye sare za St John Ambulance uwanjani, sikuwahi kuuliza umetoka wapi. Sasa ninao mfukoni, kwenye sarafu ya euro moja ya Malta.

Watawa hao walitawala kisiwa tangu 1530 mpaka Napoleon alipowatoa 1798, na bado lugha ya Kimalta hawakuibandua. Mama muuza pastizzi, vile vitumbua vyao vya jibini, alinihesabia chenji: sitta, sebgħa… Nikacheka, naye akacheka bila kujua kwa nini.

Jumapili msiende, watalii hawaingii kanisani.