Tahadhari: hiyo brashi ya kunyolea ya "silvertip" ya laki moja na nusu ni nguruwe aliyepakwa rangi

Wadau wa wembe na povu, msitume hela. Kuna muuzaji anazunguka Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp na brashi za kunyolea anazoziita "silvertip ya beja, mzigo wa London". Laki moja na nusu, unalipa kwanza kwa simu, bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Brashi inafika kweli, ndiyo maana watu hawashtuki. Wateja wameniletea saluni wakilalamika shingo inawaka moto, na katika zote nilizozishika sijakuta unyoya wa beja hata mmoja. Nyingine ni nywele za nguruwe zilizopakwa ukanda mweusi, nyingine ni nailoni tupu.

Kwa wageni wa mambo haya: beja ni mnyama wa Ulaya na Asia, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, na manyoya ya brashi hutoka zaidi China. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1992 inayomlinda, kwa hiyo mtu akikwambia anauza "beja wa Uingereza" mwache aongee peke yake. Huyu wetu kaenda mbali zaidi: kwenye tangazo kaweka picha ya nyegere, yule yule mvunja mizinga wa mbugani. Mzigo wa London!

Madaraja ya manyoya yanayotajwa, kuanzia la chini mpaka la juu, ni pure, best, super na silvertip, lakini hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. Kila mmoja anapanga kwa jicho lake, na tapeli anapanga kwa mdomo. Maandishi ya kwenye boksi yaache. Shika brashi.

Unyoya wa beja wa madaraja ya juu una ncha nyeupe iliyochongoka yenyewe tangu mwilini mwa mnyama, haikukatwa kwa mkasi. Katikati kuna ukanda mweusi, chini unarudi kuwa mweupe (zipo pia zenye weusi mpaka chini, msije mkazikataa). Silvertip ya kweli ukiilowesha na kuizungusha shavuni hutahisi ncha moja moja. Unahisi kitu kizito, chenye joto la maji iliyoyashika, na ukikandamiza kinakusukuma kidogo. Best inakaribia hapo, ila ugumu wake unausikia zaidi. Pure ni ya kijivu au nyeusi na inachoma, hasa ikiwa mpya, na hiyo ni beja halali kabisa. Kwa hiyo kuchoma peke yake hakuthibitishi kwamba umepigwa. Ulaini nao hauthibitishi kitu, maana nyuzi za plastiki za siku hizi zina ulaini wa kuzidi pure nyingi nilizowahi kutumia.

Angalieni maji. Beja anayashika ndani na kuyatoa taratibu, povu linakuja zito bila haraka. Plastiki ukiikung'uta mara mbili imeshakauka. Nguruwe ni mgumu na mnene akiwa mkavu, ukimloweka dakika chache analegea, na kadiri unavyomtumia ncha zinapasuka. Halafu tazama ule ukanda mweusi: kwenye beja mpaka wa rangi unayumba unyoya kwa unyoya, kwenye za huyu jamaa umenyooka kama umepigwa rula. Futa brashi yenye maji moto kwa kitambaa cheupe. Moja aliyoniletea mteja iliacha kitambaa cha kijivu, na povu lake lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Kuna wanaoshauri kuchoma unyoya mmoja kwa kiberiti. Sawa, lakini jaribio hilo linaikamata nailoni tu, inayoyeyuka na kuwa kitone kigumu. Beja na nguruwe wote watanuka nywele zilizoungua na kusagika kuwa majivu.

Mimi sina ugomvi na nguruwe. Omega wa Italia na Semogue wa Ureno wanatengeneza brashi nzuri sana za nguruwe, na wanasema wazi ni nguruwe. Ila wapo wenye ugomvi mkubwa kuliko wangu. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na mtu kupakwa nywele za nguruwe usoni asubuhi, kisha akaenda kuswali bila kujua, hapo hatuzungumzii tena laki na nusu. Mwenye wasiwasi huo anunue ya plastiki inayouzwa kwa jina lake, amalizane. Bei ni ndogo na inafanya kazi.

Ujanja huu una historia, na mbaya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia manyoya ya beja yaliadimika, watu wakatengeneza brashi kwa nywele za farasi na kuziuza kama beja. Nyingine hazikusafishwa ipasavyo, zikabeba kimeta. Wanajeshi wa Uingereza na Marekani pamoja na raia wakaugua, zaidi ya visa 200 vimeandikwa, na wapo waliokufa. Sisemi za huyu zina kimeta. Nasema tu kwamba hujui kilichomo, na unakisugua juu ya ngozi uliyotoka kuikwangua kwa wembe.

Kwa anayetaka kununua: omba picha ya karibu ya ncha, omba video ikiloweshwa, lipa ukiwa umeishika. Huyu ukimwomba video anakublock. Na jueni kwamba silvertip ya watengenezaji wa Uingereza mara nyingi inavuka pauni 100 huko huko kwao, kabla ya usafiri na ushuru. Pigeni hesabu wenyewe.

Ukurasa ameshabadilisha jina, picha ni zile zile: mpini wa rangi ya pembe juu ya taulo jeusi. Waliokwisha kutuma hela, msifute meseji za muamala wala mazungumzo. Namba yake itumeni 15040 ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), kisha mniandikie inbox, tunakusanya risiti twende polisi kwa pamoja.